Sauti Kabla ya Wimbo wa Tatu

Muharami, mwana wa fundi cherehani wa Mbeya, alipiga gitaa la umeme kwa nguvu mpaka majirani wakafunga madirisha. Yeye na wenzake waliisikia roki kwenye redio za Zambia, wakaunda bendi, Ngurumo za Loleza, kwa jina la mlima wa Mbeya. Mpiga drams alikuwa Nyanda, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu.

Mwaka 1975 walikwenda Nairobi, wakarekodi santuri yao ya kwanza kwa siku mbili. Waliporudi, Nyanda alishikwa na homa. Siku ya nne akafariki, santuri ikiwa bado haijatoka.

Ilipotoka, gazeti moja liliipa aya tatu. Mwandishi aliiita kelele za mabati, muziki usio na kwao. Tena kazi ilifanywa ovyo, akasema, hata maongezi ya mpiga drams yameachwa yasikike kabla ya wimbo wa tatu.

Wanabendi walikasirika. Muharami alikwenda kuisikiliza upya. Kweli, Nyanda alikuwemo, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya bega: "Muharami, usikimbize wimbo."

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Aliona si haki sauti ile isikike mjini, aliyemzaa asiisikie. Akabeba gramafoni yake ya betri, akapanda basi hadi Igawa, akatembea mpaka kwa Mama Kalista, mama yake Nyanda.

Mama alisikiliza ameshika tama. Mzee Ngolo, mumewe, alitoka akaenda kusimama zizini. Mama akaomba irudiwe. Ikarudiwa hata Muharami akapoteza hesabu. Ndipo mama akauliza:

"Alipokuambia hivyo, mwanangu, ulimjibu nini?"

"Sikumjibu, mama. Nilicheka, nikakimbiza."

Mama aliinuka. Alimletea maziwa ya mgando, akamtazama mpaka alipomaliza. Muharami aliwaachia santuri na gramafoni.

Bendi ilikufa mwaka uleule. Alihamia Iringa akawa fundi redio, akamwoa Waridi, ambaye hajawahi kumsikia akiimba hata kwa kunong'ona.

Asubuhi moja ya mwaka 1979, redio ya mteja aliyokuwa amemaliza kuitengeneza ilitangaza santuri ile. Mtangazaji aliisifu sana, akasema wakosoaji waliionea, ataipiga upande mzima. Wimbo wa pili ulipokaribia kwisha, Muharami aliizima. Mwenye redio alipoifuata muda huohuo, Muharami akamwambia bado haijapona, arudi kesho.