Nilimsingizia Mwenyekiti Wetu kwa Robota la Mitumba

Admin, naomba jina langu lisionekane, na mji wetu uuite tu mji wa reli mkoani Singida, maana ni mdogo na wapo humu watakaonitambua. Nina miaka sitini na tatu, ni fundi cherehani, nina mke, watoto na wajukuu. Hili ninaloandika hata mke wangu halijui.

Enzi za ujana wangu tulikuwa na timu. Timu hasa, siyo hii ya kukusanyana siku ya sikukuu. Ilikuwa chini ya shirika la umma, ndilo lililotoa gari, mipira, hadi ajira za wachezaji. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona namba mgongoni mwa jezi. Mshambuliaji akifunga, wenzangu wanashangilia goli, mimi naangalia ile tisa yangu kama imekaa sawa. Kisha mashirika yakaanza kufungwa na kuuzwa, la kwetu likafungwa, timu ikabaki yatima. Vijana wakawa wanacheza na viatu vilivyofungwa kamba ya katani.

Mwenyekiti wetu alikuwa karani wa stesheni, mtu wa maneno machache. Akahangaika mpaka akampata mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini aliyekubali kuisafirisha timu na kuilisha, ila alitaka jina la duka lake liandikwe kifuani. Mashabiki tukagawanyika. Wengine wakasema bila mwenye gari tunakufa, tutaota vipi kupanda daraja kwa miguu? Sisi tukasema timu ni ya wanachama, haivai jina la duka la mtu. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Niliapa sindano yangu haitashona jina hilo.

Lakini leo niseme ukweli. Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni mitumba. Ilikuwa imeruhusiwa, imejaa sokoni, na watu wameacha kushonesha. Wiki nzima naweza kukaa mezani kwangu natia viraka tu. Nikiona robota, lile furushi kubwa la mitumba lililokazwa kwa kamba, nilikuwa napandwa na hasira.

Siku moja nilikwenda msibani Mkiwa, kijiji cha jirani. Nikamwona Mwenyekiti anashuka kwenye lori la yule mfanyabiashara, anashushiwa robota. Akaniona, akaniita nimsaidie kulifunga kwenye baiskeli. Nilijifanya sijasikia. Sikumuuliza ndani mna nini. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kijiweni, nikawaambia Mwenyekiti ameshalipwa, amepewa mitumba afungue meza sokoni, na sisi tumeuzwa. Sikusema nadhani. Nilisema nimeona kwa macho yangu.

Jumapili tukakutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu mpaka madirishani. Akaulizwa kama alipokea robota. Akajibu, "Nimepokea. Kesho mtaliona." Alitaka kuendelea, tukamzomea. Mikono ikanyooshwa, akaondolewa, na mimi nikachaguliwa katibu. Aliokota kofia yake akatoka bila kumwangalia mtu.

Kesho yake mkewe akaja kwenye meza yangu akikokota baiskeli yenye lile robota. Alinisalimia vizuri tu, akasema mumewe amesema hivi ni vya vijana, wagawiwe kabla ya mechi. Alipoondoka nikakata kamba. Ndugu zangu, vilikuwa viatu vya mpira. Vya mtumba lakini vizima, na kila jozi ina karatasi yenye jina la mchezaji kwa mwandiko wa Mwenyekiti. Kumbe alikuwa amepima nyayo za kila kijana kwenye vumbi la uwanja, wenyewe wasijue.

Nilizitoa zile karatasi moja moja, nikazichoma kwenye pasi yangu ya mkaa. Jioni nikawaita wachezaji, nikawaambia uongozi mpya umewatafutia viatu, na lile robota la Mwenyekiti tumelirudisha kwa mwenye lori. Walinibeba juu juu.

Yule mfanyabiashara aliposikia alivyofanyiwa mtu wake, akalipeleka gari lake kwa timu nyingine. Wachezaji wazuri wakachukuliwa mmoja mmoja. Tukashuka, tukashuka tena, mpaka tukafungwa na timu ya kijiji pale Ihanja na mashabiki wetu hawakukasirika hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua imekufa. Uwanja sasa ni nyumba za watu.

Miaka yote hiyo nimenyamaza. Sasa vijana wamefungua grupu la WhatsApp wanataka kuifufua, na kila siku ni mabishano nani aliiua. Mtoto wa Mwenyekiti amejitokeza kugombea nafasi ya baba yake, kijana mwenye akili na mipango. Wanamjibu, "Baba aliiuza, na mtoto naye tumpe aiuze?" Halafu wananitaja mimi niwe shahidi, maana nilikuwepo. Wanataka hata niwe mlezi wa timu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona Mwenyekiti. Anaumwa sana, yuko kwa binti yake huko Unyambwa, na macho hayaoni tena. Nilikwenda nimedhamiria kusema yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitambua sauti yangu, akanishika mkono akaushikilia. Akaniuliza, "Fundi, vile viatu viliwatosha vijana?"

Nikasema, "Viliwatosha, kaka."

"Yule wa namba saba nilikuwa na mashaka na mguu wake," akasema. Akatabasamu, akageukia ukutani. Nilitoka pale nikalia barabarani, mtu mzima na mvi zangu.

Kikao cha vijana ni keshokutwa. Nikisema, wajukuu wangu watajua babu yao alijengewa heshima na viatu vya mtu mwingine. Nikinyamaza, mzee wa watu atazikwa akiitwa muuza timu, na mwanawe atazomewa kama tulivyomzomea yeye. Naombeni ushauri wenu, msinionee huruma. Nisimame mbele ya vijana, au nirudi kwanza Unyambwa nimwambie nilizifanya nini zile karatasi zake, kabla hajaondoka akidhani vijana walijua ni nani aliyewapima miguu?