Kengele Zilizozibwa kwa Magazeti

Mwezi uliopita niliingia soko la kazi za mikono la Garissa kama mtalii. Usicheke, rafiki yangu. Nilikuwa na wenzangu wa Nairobi, miwani ya jua usoni, simu mkononi, na kijana muuzaji alinipokea kwa Kiswahili anachowawekea wageni: "Karibu, madam. Kuangalia ni bure." Nilitabasamu, lakini iliniuma. Mji huu ndio ulionilea.

Wenzangu walitaka picha za mikeka na vyetezo vya udongo. Mimi nilitaka kengele ya ngamia, kwa ajili ya nyanya yangu, mama yake mama, tunayemwita ayeyo. Ukame uliwamaliza ngamia wake, mjomba akamleta mjini, akampa chumba cha mabati nyuma ya nyumba yake. Kila jioni ayeyo hukaa mlangoni, ametega sikio upande wa barabara. Ukimuuliza anasikiliza nini, anasema, "Hakuna." Nilidhani najua dawa yake.

Kengele zilikuwa zimepangwa juu ya turubai, zile za kuchongwa kwenye kipande kimoja cha mti, zenye ndimi mbili za mti ndani. Niliokota moja nikaitikisa. Kimya. Nikachungulia: imejazwa gazeti mpaka mdomoni. Nyingine pia. Zote.

"Mbona mmeziziba?"

"Kelele, dada. Kila mtu akibita anatikisa, jioni kichwa inabasuka. Na mgeni anataka ya kutundika kwa ukuta tu."

Hapo mawazo yakanirudisha Hadado, malishoni kwa ayeyo, nikiwa mtoto.

Likizo zote za shule nilizimalizia huko kwake. Asubuhi ilikuwa na harufu ya moshi na maziwa, mkate wa anjera uliolowa samli, na chai tamu iliyonatisha vidole kwenye kikombe. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia ndama wakati wa kukama, kisha kuokota kuni, nikirudi na miiba kwenye nguo na malalamiko mdomoni. Lakini jioni sote tulinyamaza. Ayeyo alisimama nje ya boma, kiganja nyuma ya sikio, akiisikiliza kengele ya ngamia jike mzee aliyeongoza wenzake. Kok, kok-kok. Kwa sauti hiyo peke yake alijua kama wanakula, wanatembea au wameshtuka. "Wameshiba," alikuwa akisema kabla hatujaona hata vumbi, na mama wa jirani akimtania kwamba ngamia wake humpigia simu.

Mara moja tu nilimwona akiziba kengele. Tulikuwa tunahama, na njia ilipita karibu na kisima kilicholeta ugomvi kati ya watu wetu na wengine. Ayeyo alikwenda ngamia kwa ngamia, akizijaza kengele majani makavu. "Tukivuka," alituambia watoto, "mtapiga kelele mpaka mchoke." Tulitembea juani bila neno. Nakumbuka miguu ya ngamia mchangani, na jinsi mkono wa ayeyo ulivyokuwa na jasho ndani ya wangu. Tulipovuka salama, alizizibua kwa kidole, kama mtu anayemtoa mtoto chakula mdomoni, na kengele zikalia zote pamoja. Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Sijasikia tena furaha ya namna ile.

Basi nilichuchumaa sokoni nikaanza kuyachomoa magazeti. Kijana akanitazama, kisha akabadili lugha, akanisemesha Kisomali, akiniita dada.

"Abaayo, wewe si mtalii. Mtalii hachungulii ndani. Wewe ni wa nani?"

Nilipomtajia ukoo wetu aliona haya, akanitolea nyingine kutoka nyuma yake. Ilikuwa nzee, imelainika mahali kamba ilipopita. "Hii imefanya kazi," alisema. "Ililetwa na mama mmoja. Mifugo yake imekwisha."

Jioni ile nilisimama nje ya lango la mjomba nikaitikisa. Kok, kok-kok.

Ayeyo alisimama. Magoti yake yanayomtesa hata kwenda msalani yalimsimamisha mara moja. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akatoa mluzi aliokuwa akiwaitia ngamia zamani, na uso wake ukawa uso wa Hadado. Kisha nikatokea mimi langoni, na kengele mkononi.

Alikaa polepole. Aliipokea, akaingiza kidole ndani, akapapasa mahali ndimi zilipochimba mti.

"Hii imetembea sana. Ni ya nani?"

"Sijui, ayeyo."

Alichukua ncha ya mtandio wake, akaisokomeza ndani ya kengele, taratibu, hadi ikajaa.

"Usiwaite, ayeyo," akaniambia, maana kwetu nyanya naye humwita mjukuu kwa jina hilo hilo. "Watatoka wapi?"

Nimerudi Nairobi. Mjomba anasema ayeyo bado anakaa mlangoni jioni, kengele mapajani, ncha ya mtandio ingali imeiziba. Utotoni, karibu na kile kisima, tulinyamaza kwa sababu kulikuwa na ng'ambo ya kufika, na mkono wa kuzizibua kengele tukifika. Mkono huo ungalipo. Ng'ambo ndiyo nisiyoiona.