Kago Kwenye Chupa ya Maji

Juzi nilimkuta mume wangu, mtu wa mjini, mzaliwa wa Miburani, akimimina dawa ya kung'arishia masinki kwenye chupa tupu ya maji. Nikamkumbuka bibi yangu.

Nilipokuwa mdogo, Bibi aliwapikia wageni waliokuja kuzamia kwenye hifadhi ya bahari, akarudi na dawa kama ile, nayo imo kwenye chupa ya maji. Mchana ule jikoni palinukia wali wa nazi. Binamu yangu Hamisi aliingia kutoka mpirani, koo limemkauka, akaidaka chupa. Mara mkono ukasita. Shingoni mwa chupa palifungwa kitambaa chekundu na kauri, kama kago linalotundikwa mnazini ili mwizi avimbe tumbo.

"Bibi, nikinywa nitavimba?"

"Utaungua koo, mjukuu wangu. Njoo unuse."

Alipoifungua, harufu ilituchoma pua. Nikajua ni jini wa kago, nikakimbilia uani nikiita bismillahi. Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Leo najua ilikuwa klorini, na kwamba dawa haihamishwi kutoka chupa yake. Nilimweleza mume wangu, akaendelea kumimina. Basi nikachana kanga nyekundu, nikafunga kipande shingoni mwa chupa. Binti yetu haisogelei. Baba yake ndiyo kabisa.