Hatua Nne za Punda wa Bibi

Juzi hapa Kanazi, mwalimu wetu wa mafunzo ya kutunza kwato aliinua mguu wa punda, akaupakata juu ya paja lake na kuanza kuuchonga. Harufu ya ukwato mbichi ikanifikia, na papo hapo nikajiona niko kijijini Nyamigogo, Biharamulo, mtoto wa miaka kumi, nimechuchumaa kando ya bibi yangu. Ndugu yangu, mimi ni mtu mzima mwenye watoto, nimekuja kusomea kazi ambayo bibi aliifanya bila hata kuiita kazi.

Bibi alihamia Biharamulo akitokea Shinyanga, na ng'ombe wachache na punda jike wa kijivu. Majirani walibeba maji kichwani; yetu yalikuja mgongoni kwa punda, madumu manne, kutoka kisima cha bondeni. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vimepikwa kwa karanga, huku punda akikwaruza ardhi nje akidai pumba zake. Mpaka leo nikila michembe naisikia ile sauti.

Bibi hakuchonga ukwato mkavu hata siku moja. Alimsimamisha punda kwenye tope la kisimani tangu asubuhi hadi saa sita, ukwato ulainike. Na kabla ya kugusa kisu alisema mmoja wetu wajukuu amtembeze punda pale uani penye ardhi ngumu, huku bibi mwenyewe amefumba macho, anasikiliza. Hatua nne zikilingana, kisu kilirudi darini. Moja ikichelewa, alijua ni mguu upi. Masikio kama yale sijayaona kwa mtu mwingine, na nimeyatafuta.

Majirani walimtania: "Mama, punda afe mzigo ufike." Naye aliwajibu taratibu, "Akifa, utafikishwa na nani?"

Mimi nilikitamani kile kisu kupita kiasi. Siku moja ya kiangazi bibi akaenda mnadani, nikakitoa darini. Tope sikulikumbuka, kusikiliza ndiyo kabisa. Nilitaka kwato zipendeze tu, zing'ae kama kucha za bibi harusi. Nikachonga, nikachonga, mpaka kisu kikafika kwenye nyama na damu ikanichirizikia mkononi.

Bibi aliporudi, punda alikuwa anapita uani. Nikamwamkia kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Mguu wa mbele wa kulia umefanywa nini?" Alikuwa hajamtazama hata huyo punda.

Nilisubiri fimbo, haikuja. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, juu yake kipande cha mpira wa tairi. Kesho yake akajitwika dumu kichwani, na magoti yake yale mabovu, akashuka bondeni. Nilimfuata na kidumu changu nikiona aibu. Ikawa hivyo wiki tatu. Kila jioni alinikalisha uani nifumbe macho, kaka yangu amtembeze punda hatua chache.

"Unasikia nini?"

"Anachechemea, bibi."

"Basi na kesho tunabeba."

Sikuomba kitu kingine kwa Mungu siku zile ila punda yule apone. Jioni moja nikasikia hatua nne zimelingana. Nililia waziwazi. Bibi akaingia ndani, akatoka na kisu, akakiweka mikononi mwangu. "Sasa unajua kinavyouma," akasema. "Kitumie."

Bibi hayupo tena. Punda waliuzwa, maji yanaletwa kwa pikipiki, na kile kisima kimemezwa na majani.

Huku Kanazi mwalimu anatueleza habari za farasi wanaopigiliwa viatu vya chuma, nami nasikiliza kwa heshima. Lakini zamu yangu ya kuchonga ilipofika, nilimwomba kwanza amtembeze punda. Nikafumba macho. Wenzangu wakacheka.

"Wa nyuma, kushoto," nikasema.

Mwalimu akauinua. Kijiwe kilikuwa kimejichimbia katikati ya ukwato. Akaniuliza nilisomea wapi kabla ya hapa.

"Nyamigogo, kwa bibi yangu."

Leo asubuhi, kabla hajagawa visu, mwalimu alituamuru sote tufumbe macho. Watu kumi na mmoja tukasikiliza punda akitembea. Mimi nilikuwa wa mwisho kufumbua, maana machozi yalikuwa yamenitangulia.