Bandi Kwanza

Nimeshona nguo miaka thelathini. Nani wa kunifundisha kuunga? Nikawasha mashine ya kuchomelea, nikaunga kiraka kwenye mlango wa gari kuukuu la marehemu mume wangu, mstari mmoja, mbio mbio. Bati likapata moto mwingi, likapinda kama jani kavu.

Fundi wa gereji aliyeniazima mashine akashika kiuno. "Mama, kwani nguo unaishona bila kuishikiza kwanza kwa bandi?"

Nikanyoosha bati, nikaanza upya. Sasa nachomelea nukta hapa, nyingine kule, halafu nangoja bati lipoe, huku nazunguka gari kama kuku anayetaka kutaga.

"Unakimbilia wapi, mama?"

"Mume wangu alisema 'kesho tutalitengeneza' miaka kumi na tisa. Kutu haikusema kesho hata siku moja."