Mwimbaji Anayekosea Wimbo Wake

Jukwaani hakosei hata neno. Wodini, anakotibu wagonjwa kwa muziki, hupasha vidole joto kwapani kabla ya kugusa gitaa, kisha humwomba mgonjwa ruhusa kama mgeni aliyesimama mlangoni. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na wiki saba bila kutamka neno tangu apatwe na kiharusi, na mama alikuwa amechoka kumsihi aseme lolote. Mwimbaji akaanza wimbo aliotunga mwenyewe, ambao baba aliupenda tangu ujana. Ubeti wa pili akauvuruga: penye jua akaweka mvua. Akarudia, akavuruga tena, uso mkavu.

"Huyu naye kazeeka," mama akaninong'oneza. "Wimbo wake mwenyewe unamshinda!"

Mara ya nne baba akakunja uso, ule uso wa darasani, akapiga godoro kwa mkono wake mzima.

"Ju... jua!"

"Samahani, mwalimu," mwimbaji akasema, akiinamisha kichwa. "Ni jua."

Mama akaangua kilio. Baba akamgeukia, akainua kidole.

"Ki... kimya."

Mwimbaji hakuinua macho. Aliendelea kupapasa nyuzi taratibu, akitafuta neno jingine la kukosea.