Muziki Kwenye Kilio cha Baba

Baba alipofariki, sisi watu wa Bukavu tuliujaza ua wetu mdogo wa Makindye, huku ugenini kwa Waganda, kama ilivyo desturi yetu: wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi, kwaya ya kanisani ikiimba polepole. Mama mwenye nyumba, Muganda, alikuja amevaa gomesi, gauni lao la heshima, akakunja miguu mkekani, akatulia. Niliona fahari. Leo ataona, nikajisemea, kwamba Wakongo nao ni watu wa heshima.

Miaka yote mjini hapa nimeishi na wasiwasi wa kusemwa. Wakongo wana kelele, Wakongo wanapenda mavazi. Ukinitajia hayo, mimi ni mwepesi kujibu kwamba hao ni wa Kinshasa, si sisi.

Mchana wakafika hao wa Kinshasa. Aliyewatangulia ni fundi cherehani ambaye kibanda chake kule Katwe kilipakana na cha baba, aliyeunda sigiri, majiko ya mkaa. Wawili hao walicheza dama kila jioni, wakitukanana kwa mapenzi. Fundi alileta spika mbili kubwa, na wanawake wa kwao walivaa kitenge cha aina moja, kipya. Muziki ukalia, wakaanza kucheza mbele ya picha ya baba.

Kwao, mtu aliyependwa husindikizwa hivyo. Nilishasikia, ila kusikia si kuona. Nchi yetu ni kubwa mno. Kati ya Bukavu na Kinshasa kuna msitu ambao baba hakuwahi kuuvuka. Sisi biashara yetu ilitazama mashariki, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili kikatujia kutoka huko. Wao walilelewa na mto, na Kilingala chao tulikisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi. Tukajifunza kukiogopa, kisha tukawadharau hata mafundi cherehani wasiotukosea lolote.

Mama mwenye nyumba aliniinamia, akaniita kwa heshima ya kwao. "Nyabo, hii ni kilio ama ni halusi?"

Uso ukaniwaka. "Hao si watu wetu," nikamjibu kwa sauti. Nikainuka, nikachomoa waya wa spika. "Hapa tunalia," nikamwambia fundi. "Hatuchezi."

Alisimama na leso mkononi, jasho likimtiririka. Nilitarajia anitukane, na kwa kweli ningefurahi, maana matusi yangenipa haki. Badala yake alivua viatu, akaja kuketi ukingoni mwa mkeka wetu. Wanawake wa kwao wakamfuata, wakaviweka vizuri vitenge vyao vipya wasivichafue.

"Pole, dada," akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na baba. "Hatukujua. Nyinyi munaliaka namna gani? Utuonyeshe, na sisi tumulilie vizuri."

Ua mzima ukanigeukia, mama mwenye nyumba akiwamo. Nilitamani ardhi inimeze. Fundi alikuwa akinisubiri kwa adabu, na sasa nikiwa karibu naye niliona macho yake yamevimba kwa kulia. Alikuja nayo hivyo, na alikuwa akicheza nayo hivyo. Mimi tangu asubuhi nilipanga mikeka, nikapokea wageni, nikachunga uso wa Muganda mmoja. Baba yangu nilikuwa sijamlilia hata chozi moja.